Wako Hali Gani?

Katika stoo ya kanisa moja hapa Lubumbashi, nyuma ya ngoma iliyopasuka na viti vya plastiki vilivyobaki na miguu mitatu, kuna katoni ya sabuni iliyojaa kadi. Kila kadi ina jina, komini, barabara, namba ya nyumba, namba ya simu, na kisanduku kilichotiwa alama mbele ya maneno "Leo nimempokea Yesu". Ziliandikwa usiku wa tatu wa kampeni ya uinjilisti, wakati wa kiangazi, kwenye kiwanja cha mpira kule Katuba. Mhubiri alikuwa mgeni kutoka nje ya nchi. Vipaza sauti vilikodiwa, jukwaa likapambwa, idadi ya waliookoka ikatangazwa, vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliogawa kalamu. Asubuhi yake mgeni alipanda ndege pale Luano, sisi tukarudisha vyombo vya watu, na kadi zikatiwa ndani ya katoni "mpaka wiki ijayo tutakapozipanga".

Wiki ijayo haijafika. Huu ni mwaka wa tatu.

Katoni hiyo ilinirudia akilini majuzi, tulipokuwa tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 13 na ya 14 katika kikundi chetu cha Biblia. Kila mtu alikuja na mafunzo yake tayari mfukoni: ujasiri wa Paulo, kufunga na kuomba, kwenda mbali, kutoogopa serikali. Yote ni kweli, na yote tumeyasikia tangu tukiwa watoto. Lakini kijana mmoja, fundi wa pikipiki asiyezoea kusema mbele za watu, aliuliza swali lililotunyamazisha: "Hawa watu walirudi kufanya nini Listra?"

Tangu shule ya Jumapili tumezifuata safari za Paulo kwa kidole kwenye ramani za nyuma ya Biblia, mstari wa safari ya kwanza, wa pili, wa tatu, na vishale vikisonga mbele. Ramani hizo hazidanganyi, ila zinaficha kitu. Katikati ya Asia Ndogo, katika safari ya kwanza, mstari umelala juu ya mstari. Njia ya kwenda na njia ya kurudi ni ile ile, na kidole cha mtoto kinaona njia moja.

Tukumbushane ilivyokuwa. Barnaba na Sauli walitumwa na kanisa la Antiokia ya Shamu. Wakavuka bahari hadi Kipro, wakatoka Pafo, wakatua Perge, wakapanda nyanda za juu mpaka Antiokia nyingine, ile ya Pisidia. Huko walifukuzwa, wakakung'uta mavumbi ya miguu yao. Ikonio watu walipanga kuwapiga mawe, nao wakakimbia. Listra walimponya kiwete, na umati ukapaza sauti kwa Kilikaonia kwamba miungu imeshuka: Barnaba ni Zeu, Paulo ni Herme kwa kuwa ndiye msemaji. Inaonekana wageni hawa hawakuelewa kinachosemwa mpaka walipoona kuhani anakuja na ng'ombe na mashada ya maua. (Anayehubiri mjini kwetu kwa Kifaransa na kumwachia mkalimani kazi yote na aisome aya hiyo polepole.) Baadaye wakaja watu kutoka Antiokia na Ikonio, wakaugeuza umati, na Paulo, aliyekuwa karibu kuchinjiwa ng'ombe, akapigwa mawe, akaburutwa nje ya mji kama mzoga. Aliinuka. Kesho yake wakaenda Derbe.

Sasa simama hapo Derbe uangalie upande wa mashariki. Ng'ambo ya milima ya Tauro iko Tarso, mji aliozaliwa Paulo. Kulikuwa na njia ya kupenya milima hiyo, maarufu kwa jina la Malango ya Kilikia, na ukishafika Tarso, Antiokia ya Shamu haiko mbali. Ndiyo iliyokuwa njia fupi ya kurudi nyumbani. Kazi imekwisha, mwili una majeraha, nyumbani kwa mama kunakaribia. Luka hasemi kwa nini hawakuipita. Anaandika tu walichofanya: "wakarejea mpaka Listra na Ikonio na Antiokia".

Listra ya mawe, Ikonio ya njama, Antiokia ya kufukuzwa. Hata yale mavumbi waliyoyakung'uta pale Pisidia waliyakanyaga tena. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kukung'uta mavumbi, hasa kutoka kwa wachungaji waliogombana na wazee wa kanisa na sasa wanafungua kanisa jipya barabara ya pili. Sijawahi kusikia hata moja juu ya kuyakanyaga tena.

Na kule nyuma walirudi kufanya nini? Kijana wetu fundi alijibiwa na aya inayofuata. Hakuna uponyaji ulioandikwa hapo, wala umati, wala jukwaa. Waliwaimarisha wanafunzi na kuwaonya kwamba tunaingia katika ufalme wa Mungu kwa njia ya dhiki nyingi. Mtu mwenye makovu ya jana anaweza kusema "dhiki nyingi" na watu wakamsikiliza. Kisha wakawachagulia wazee katika kila kanisa. Hilo la wazee limenikaa kichwani kuliko yote. Walipopita mara ya kwanza hatusomi kwamba walichagua wazee. Walichagua wakati wa kurudi, wakati ambapo ilikuwa imeshajulikana nani alibaki baada ya mhubiri kuburutwa nje, nani alifungua mlango wake kwa maombi ya usiku, na nani alianza kupita upande wa pili wa barabara. Mjini kwetu aliyeokoka mwezi wa tatu akija na gari anapewa kiti cha mbele mwezi wa tano na kipaza sauti mwezi wa saba. Tunashangaa mwezi wa kumi na mbili.

Safari ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu tunaifundisha vibaya. Tunapenda kuanzia Troa, kwenye maono ya mtu wa Makedonia anayeita "vuka, utusaidie", kana kwamba Paulo aliondoka nyumbani akiwa ameiwinda Ulaya. Soma sura ya 15 aya ya 36. Baada ya siku kadhaa Paulo alimwambia Barnaba: "Haya, mrejee sasa tukawaangalie hao ndugu katika kila mji tulipolihubiri neno la Bwana, wako hali gani." Basi. Mpango mzima ulikuwa huo. Filipi, Thesalonike, Athene, Korintho, Lidia muuza zambarau na yule mlinzi wa gereza, wote walipatikana katika safari iliyoanzishwa kama ziara ya kujuliana hali. Na kwa sisi wasemaji wa Kiswahili maneno yale yana utamu wake wa pekee, maana "hali gani" ni salamu yetu ya kila siku, tunaisema bila kusubiri jibu. Paulo aliisema akafunga mzigo.

Safari ya tatu nayo: sura ya 18 inasema alipita nchi ya Galatia na Frigia mji kwa mji akiwathibitisha wanafunzi, ndipo akashuka Efeso. Kwa hiyo katika safari tatu, mbili zilianza kwa kurudi, na ya kwanza iliishia kwa kurudi. Na pale Listra, safari ya pili ndiyo iliyomkuta Timotheo, kijana wa mama Myahudi na baba Myunani, anayesifiwa na ndugu wa miji miwili. Mtu ambaye Paulo alimtegemea mpaka uzeeni alitoka katika mji uliompiga mawe. Angepita njia ya Tarso tungekuwa na kisa kingine.

Nisieleweke vibaya. Kurudi kuwaangalia watu na kurudi kuwatawala ni vitu viwili. Baada ya kuwaweka wazee, mitume waliwakabidhi kwa Bwana wakaenda zao. Wamisionari wengi wa karne ya 20 katika nchi yetu hawakuweza hilo; walikaa na funguo za stoo, za shule na za sanduku la fedha mpaka 1960, wengine hata baadaye. Na wenzetu waliozipokea funguo hizo wamezishika kwa mkono mgumu zaidi. Ni madhehebu mangapi leo yana kesi mahakamani juu ya nani ni mwakilishi wa kisheria? Sitaendelea na hilo, wasomaji wa Lubumbashi wanalijua kuliko mimi.

Tuje kwenye historia ya Katanga, kwa sababu hapa nadhani tunayo Listra yetu wenyewe na hatuitazami.

Tunafundishwa kwamba Injili iliingia Katanga tarehe 14 Februari 1886, siku Mskoti Frederick Stanley Arnot alipofika Bunkeya, makao ya mfalme Msiri. Alikuwa na miaka 27. Msiri mwenyewe alikuwa mgeni aliyetokea mashariki, mtoto wa mfanyabiashara Mnyamwezi aliyekuja huku kutafuta shaba. Arnot alikaa miaka miwili hivi, wenzake wakampokea, na mwaka 1890 akafika kijana mwingine wa Uskoti, Dan Crawford, ambaye watu walimwita Konga Vantu, mkusanyaji wa watu. Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na afisa wa msafara uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold. Watu wa Bunkeya wakatawanyika. Crawford alibaki, akahamia Luanza kando ya ziwa Mweru, akatafsiri Biblia kwa Kisanga, akazikwa huku huku mwaka 1926. Huyo naye aliijua maana ya kubaki, na makanisa ya Garenganze, yaliyotokana na kazi hiyo, yana haki ya kumkumbuka.

Lakini angalia njia aliyokuja nayo Arnot. Alitoka pwani ya Benguela, akapita Bihe katika Angola ya leo, akaenda mashariki pamoja na misafara ya Waovimbundu. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya biashara ya Msiri. Bunduki, baruti na vitambaa vilikuja huku. Meno ya tembo na watu vilikwenda kule. Waluba, Wasongye, Walunda, walitekwa vitani au kuuzwa kwa deni, wakasukumwa magharibi miezi kwa miezi. Mwandishi wa habari Mwingereza Henry Nevinson alipita sehemu ya njia hiyo mashariki ya Bihe mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya miaka kumi baada ya Msiri kufa, akaziona pingu za mti zikiwa zimetapakaa njiani na kuning'inizwa kwenye matawi. Wenye msafara walikuwa wakizitundika wakishavuka nyika ile yenye njaa, mahali ambapo mtumwa hakuweza tena kutoroka na kurudi kwao.

Baadhi ya waliovalishwa pingu hizo waliishia karibu na vituo vya wamisionari wa Kimarekani na wa Kiingereza huko Bihe. Walijifunza kusoma kwa Kiumbundu, wakabatizwa. Na ulipopinduliwa ufalme wa Ureno mwaka 1910 na utumwa wa Angola ukaanza kulegea kweli, walifanya jambo ambalo lingetosha kuwa sura ya 29 ya Matendo ya Mitume. Waligeuka, wakaanza kutembea kuelekea mashariki, kwa njia ile ile. Walipita chini ya miti ya pingu wakiwa na kitabu na nyimbo. Wakafika katika vijiji vilivyowauza, kwa machifu waliopokea bunduki na vitambaa kwa bei yao, kwa wajomba waliolipa deni kwa mpwa. Wakajenga, wakaanza kufundisha.

Wamethodisti wa Katanga wanamkumbuka Kayeka Mutembo, aliyerudi kutoka Angola na ambaye mmisionari John Springer alimkuta tayari anafundisha watu. Wapentekoste waliotokana na kazi ya wamisionari William Burton na James Salter, waliofika Mwanza katika nchi ya Waluba mwaka 1915, wanamkumbuka Shalumbo, Msongye aliyepelekwa utumwani akarudi akiwa mhubiri wa watu wake. Waliobaki wengi hawana hata jina kwenye kitabu. Mzungu alipofika kijijini na kinanda chake cha kukunja alikuta watu wameshajua kuimba, kwa lugha ambayo hakuitarajia.

Hapo ndipo ninapogombana kidogo na sherehe zetu za miaka mia ya hiki na miaka mia ya kile. Tunahesabu tangu siku mgeni alipofika. Mgeni alistahili heshima, alitembea, aliugua homa, aliwazika wenzake. Lakini aliyerudi alibeba kitu ambacho mgeni hangeweza kubeba. Mgeni aliposema "wapendeni adui zenu" alikuwa anasoma. Mtu aliyeuzwa aliposema hivyo mbele ya mjomba wake, kijiji kizima kilijua anasema na nani.

Njia yenyewe bado ipo. Reli ya Benguela iliunganishwa na reli ya Katanga mwaka 1931, ikifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa misafara ya zamani. Leo inaitwa Korido ya Lobito. Desemba 2024 hata rais wa Marekani, Joe Biden, alikuja Angola kwa ajili yake. Shaba na kobalti za Kolwezi zinaelekea bahari ile ile. Natamani siku moja kwaya zetu zipande treni hiyo kutoka upande wa Lobito, zije mashariki zikiimba. Lakini hiyo ni ndoto ya mwandishi, tuiache.

Kuna kidonda kilicho karibu zaidi kuliko Bihe, nami nitakigusa taratibu. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, Wakristo waliwafukuza Wakristo. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimezaa watoto na wajukuu Likasi na Kolwezi, zilitolewa nyumbani, zikalala wiki na miezi kwenye stesheni za reli na uani mwa shule zikingoja treni ya kwenda mahali ambapo watoto hawakuwahi kupaona. Waliitwa "bilulu", wadudu. Wengi walikufa wakingoja au njiani. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa na kitabu kimoja cha nyimbo.

Baadaye, kidogo kidogo, wengi walirudi. Leo ukiingia kanisani katika komini zetu za Kenya au Kamalondo huwezi kujua kwa macho nani ni nani. Kwaya ni moja, bukari (ugali) ya harusi ni moja. Tunajisifia hilo na tuna haki. Lakini mzee mmoja, shemasi, aliyezaliwa Likasi na kurudi mwishoni mwa miaka ya 1990, aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alirudi katika kanisa lake la zamani siku ya Jumapili. Watu walimpa mkono, wakamsogezea nafasi kwenye benchi, ibada ikaendelea. Hakuna aliyemwuliza chochote. Hakuna aliyeuliza treni ilichukua siku ngapi, wala mtoto wake mdogo yuko wapi. "Walinisalimu," alisema, "kama mtu aliyetoka sokoni."

Walimsalimu. Hawakuuliza hali gani.

Huyo mzee ndiye aliyefanya safari ya Paulo. Alirudi Listra, kwa miguu yake, bila kutumwa na kamati wala kuchangiwa nauli. Na Listra ikanyamaza. Tunahubiri upatanisho kila mwaka kwenye wiki ya maombi, kwa jumla, kwa wote, ukisemwa kutoka mimbarini bila kumlenga mtu yeyote. Paulo alikwenda mji kwa mji, na barua zake zina majina ya watu hadi unachoka kuyasoma. Nadhani hapo ndipo tunapokwepa. Kumpenda "ndugu" ni rahisi. Kumtafuta ndugu mwenye jina, barabara na namba ya nyumba, ambaye pengine atakuuliza kitu usichotaka kujibu, hilo hatuna kipindi chake kwenye ratiba.

Msomaji wa Goma au Bukavu anaweza kunikasirikia hapa, na ana haki. Tangu Januari na Februari 2025, miji yao ilipotwaliwa na waasi wa M23, wako watu waliokimbilia hata huku Lubumbashi, na kumwambia mtu wa namna hiyo "Paulo alirudi kwenye mawe" ni ukatili uliovikwa nguo za Biblia. Paulo mwenyewe hakurudi kila mahali. Alitoroshwa Dameski ndani ya kapu kupitia ukutani. Alitolewa Thesalonike usiku, akataka kurudi mara moja na mara ya pili, akazuiliwa. Barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike inaonyesha mtu asiyetulia, anayehesabu siku. Aliposhindwa kabisa kuvumilia alikubali kubaki peke yake Athene, akamtuma Timotheo aende kuona imani yao imesimama vipi. Kwa hiyo kuna kurudi kwa miguu ya mwingine, na kuna kurudi kwa barua. Vitabu 21 kati ya 27 vya Agano Jipya ni barua, na nyingi za Paulo ziliandikwa na mtu ambaye hakuweza kufika wakati huo. Sisi tuna simu. Kurekodi sauti ya dakika mbili kwa WhatsApp na kuituma kwa ndugu wa Kadutu au Himbi ni rahisi kuliko kupata mbebaji wa barua kutoka Korintho. Tuliowakaribisha mwaka ule, tukawapa magodoro kwenye ukumbi wa kanisa, wako hali gani sasa? Waliobaki kule?

Kuhusu Marko sitasema mengi. Aliwaacha wenzake Perge akarudi Yerusalemu, na Paulo akamkataa kwa safari ya pili hadi yeye na Barnaba wakatengana. Barnaba alimrudia yule kijana. Miaka baadaye Paulo anaandika aletwe, kwa kuwa anafaa kwa huduma. Kila kanisa la mjini lina akina Marko wake, wapiga gita na walimu wa watoto waliokosea mara moja, na mara nyingi halina Barnaba.

Nimewahi kushika mkononi bajeti ya kampeni. Hoteli ya mgeni na msaidizi wake, tiketi, visa, jukwaa, jenereta na mafuta yake, mabango, matangazo ya redio, fulana za waitifaki, chakula cha watumishi. Kila mstari ulikuwa na kiasi chake kwa dola. Mstari wa mwisho uliandikwa "ufuatiliaji wa waongofu", na kwenye safu ya kiasi mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: Mungu atatoa. Sikucheka siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa mjumbe wa kamati na nilitia sahihi. Mtu akinipinga kwamba Paulo hakuwa na bajeti ya ufuatiliaji, nitamjibu kwamba Paulo alikuwa na mikono ya kushona hema, na kwamba kanisa la Antiokia lilijua alikokwenda, kwa kuwa aliporudi waliita watu wote wakaketi wakasikia habari. Luka hatupi hesabu ya vichwa katika ripoti ile. Anasema walieleza mambo ambayo Mungu amefanya pamoja nao. Ningependa kuona ripoti moja ya kampeni ya Lubumbashi iliyoandikwa miezi 12 baada ya jukwaa kubomolewa.

Baada ya lile somo la Listra, mama mmoja wa kikundi chetu, muuza mboga wa soko la Katuba, aliomba ufunguo wa stoo. Hakuomba kibali cha kamati, na nadhani alifanya vizuri. Alichukua kadi thelathini za juu, akazipanga kwa barabara jinsi anavyopanga mafungu ya matembele, akaanza kuzunguka siku za Jumatatu ambazo soko ni dogo. Namba nyingi za simu hazipatikani tena. Nyumba nne zimebadilisha wapangaji. Mtu mmoja wa kwenye kadi amefariki, na mjane wake hakujua kwamba marehemu aliwahi kusimama mbele usiku ule. Aliiomba kadi ile, akaiweka ndani ya Biblia. Kijana mwingine amekwenda kuchimba Kolwezi. Wawili wanasali kanisa lingine, wazima, tukamshukuru Mungu. Na kwenye nyumba moja yenye geti la bati, msichana aliyefungua aliisoma kadi yenye mwandiko wake mwenyewe, akaitazama sana, kisha akamwuliza mama yetu bila hasira: "Mulikuwaka wapi?"

Mama anasema hakupata jibu, aliomba maji ya kunywa, akaketi. Walikaa mpaka saa kumi na moja.

Juzi alikuwa amefika kadi ya kumi na tisa. Zilizobaki ni za Ruashi, ambako ni mbali na basi ni mbili, kwa hiyo ametuomba nauli, nasi tumechanga. Yule fundi wa pikipiki amejitolea kumpeleka siku ambazo hana kazi, mradi mvua isinyeshe.